Shajara ya mradi wa migongano: kufuata kitovu badala ya vigari

Jumatatu

Kazi ya mradi huu ni kutoa seti ya video fupi za migongano zenye data zake, ili anayeanza mekaniki azipime mwenyewe fremu kwa fremu. Vitabu vya utangulizi vimejaa picha za vigari na mipira, lakini vigari hivyo havijui msuguano na majibu yake hutoka namba kamili kila mara. Mwanafunzi akifika kwenye reli ya kweli anakuta momenta (tungamo mara kasi) imepungua kwa asilimia kadhaa, anaandika "makosa ya vipimo", anafunga daftari. Maneno hayo mawili yanafunika mambo mengi mno. Upungufu huo una mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo anaweza kutafutwa akapatikana.

Vifaa tulivyo navyo: reli ya alumini ya mita 2 yenye miguu ya skrubu, vigari viwili vya gramu 250 kila kimoja, vyuma vya kuongezea uzito, sumaku, plastisini (udongo laini wa kufinyangia), springi, na simu inayorekodi fremu 120 kwa sekunde. Video zitasomwa kwa Tracker, programu huria ambayo unabofya alama iliyo kwenye kigari katika kila fremu, nayo inakupa jedwali la mahali na wakati.

Video zinazotakiwa ni mgongano wa kunasa, mgongano wa sumaku, vigari viwili vinavyosukumana kwa springi kutoka kusimama, visahani vinavyogongana kwa pembeni, fimbo inayorushwa huku ikizunguka, na kigari cha betri kinachotembea juu ya ubao wenye magurudumu. Huo ubao ndio ninaousubiri kwa hamu. Wengi hulijua swali lake kama swali la mtu anayetembea ndani ya mashua, na wengi hulijibu kwa fomula bila kuwahi kuona mashua ikirudi nyuma.

Jumanne

Siku nzima imekwenda kwenye kusawazisha reli. Pimamaji haisaidii sana hapa. Reli iliyoinama milimita 1 kwa kila mita inakipa kigari mchapuko wa karibu mita 0.01 kwa sekunde mraba, na kiputo cha pimamaji ya kawaida hakionyeshi mwinamo mdogo namna hiyo.

Njia iliyotufaa ni kukiuliza kigari chenyewe. Kisukume kwenda kulia, pima kinavyopunguza mwendo. Kisukume kwenda kushoto, pima tena. Msuguano hupinga mwendo pande zote mbili, lakini mwinamo husaidia upande mmoja na kuzuia upande wa pili. Kwa hiyo wastani wa vipimo viwili ni msuguano, na nusu ya tofauti yake ni mwinamo. Tukawa tunazungusha skrubu ya mguu wa kulia robo mzunguko, tunapima, tunazungusha tena, mpaka tofauti ikazama ndani ya kelele za vipimo. Kilichobaki ni msuguano mtupu: kigari kinapoteza karibu mita 0.02 kwa sekunde katika kila sekunde, na ni hivyohivyo kikiwa kitupu au kimebeba vyuma.

Hiyo 0.02 inaonekana ndogo. Nimeiandika kwa herufi kubwa ukutani, maana nina hakika itatusumbua.

Jumatano

Kamera. Mambo mawili yanafaa kuandikwa, mengine ni ya kawaida.

La kwanza ni mahali pa kuweka rula ya kipimio. Rula ikikaa sentimita 5 nyuma ya kigari, na kamera iko mita 2 kutoka hapo, kila umbali utatoka mkubwa kuliko ulivyo kwa asilimia 2.5, kwa sababu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa. Rula yetu sasa imebandikwa juu ya kigari chenyewe.

La pili ni kasi. Kubofya alama kwa mkono kuna uhakika wa kama milimita 1. Ukichukua fremu mbili zinazofuatana ukagawa umbali kwa muda, milimita hiyo moja inagawanywa kwa sehemu ya 1/120 ya sekunde, nawe unapata wasiwasi wa mita 0.12 kwa sekunde. Vigari vyetu vinakwenda mita 0.2 mpaka 0.6 kwa sekunde! Kasi ya fremu kwa fremu ni takataka, na grafu yake inafanana na meno ya msumeno. Dawa ni kuiacha kasi kabisa, kuchora mahali dhidi ya wakati, na kupitisha mstari kwenye nukta arobaini au zaidi. Mwinamo wa mstari huo ndio kasi, na ule wasiwasi unashuka hadi milimita chache kwa sekunde. Uamuzi huu mdogo, wa kufanya kazi na mahali badala ya kasi, ndio uliotufungulia njia siku zilizofuata.

Ijumaa: mgongano wa kunasa

Kigari A, kilo 0.25, kinakwenda kulia. Kigari B kimebebeshwa vyuma hadi kilo 0.50, kimesimama katikati ya reli. Kati yao kuna donge la plastisini. Vinagusana, vinanasa, vinaondoka pamoja.

Hesabu ya kitabuni: A ikifika na mita 0.60 kwa sekunde, momenta ni 0.15, baada ya kunasa tungamo ni kilo 0.75, kwa hiyo kasi ni 0.20. Tulichokipata kwa namna ambayo mwanafunzi angekipata, yaani kasi ya sekunde moja kabla ya kugusana na kasi ya sekunde moja baada yake, ni 0.62 na 0.18. Momenta ya 0.155 imegeuka 0.135, pungufu kwa asilimia 13. Hapo ndipo daftari hufungwa.

Mwenzangu akapendekeza tuchore kitovu cha tungamo, yaani mahali pa wastani pa vigari vyote viwili, kila kimoja kikihesabiwa kwa tungamo lake. Kwa tungamo hizi fomula yake ni nyepesi: chukua mahali pa A, ongeza mara mbili ya mahali pa B, gawanya kwa 3. Ni safu moja zaidi kwenye jedwali. Tukaichora juu ya grafu ileile yenye mistari ya A na B.

Picha iliyotoka inastahili kuelezwa taratibu. Mstari wa A unapanda kwa mwinamo mkali, kisha pale pa mgongano unavunjika na kulala. Mstari wa B umelala bapa, kisha unavunjika na kuinuka. Ni kona mbili kali, kwenye fremu ileile. Katikati yao unapita mstari wa kitovu, na mahali pa mgongano haupigi kona yoyote. Ukiifunika mistari ya A na B kwa karatasi, mtu hawezi kukwambia mgongano ulitokea lini kwa kutafuta kona kwenye mstari uliobaki.

Ila mstari huo si mnyoofu. Unapinda polepole kuelekea chini, na kupinda kwenyewe kuna sehemu mbili. Kabla ya mgongano kitovu kinapoteza karibu 0.007 kila sekunde. Baada ya mgongano kinapoteza 0.02. Kwenye video moja namba ya kwanza inayumba, lakini ukiunganisha video kadhaa za kasi ileile inatulia. Kwa nini theluthi, kisha nzima? Kwa sababu kabla ya mgongano B imesimama, na kigari kilichosimama kwenye reli iliyosawazika hakina msuguano wa kukikokota. Anayekokotwa ni A peke yake, na A ni theluthi ya tungamo lote. Baada ya kunasa vyote viwili vinatembea, kwa hiyo vyote viwili vinakokotwa. Ile asilimia 13 imepata mwenyewe: ni reli. Ndani ya mgongano wenyewe hakikupotea kitu tunachoweza kukipima.

Tangu sasa, huu ndio ukaguzi wa kwanza wa kila video kabla ya hesabu nyingine yoyote: chora kitovu, tazama kama kuna kona. Kulinganisha "kabla" na "baada" hukupa namba mbili na tofauti yake, bila kukwambia tofauti ilitoka wapi. Mstari wa kitovu unakwambia imetoka wapi na lini. Kani za ndani, ziwe za plastisini, sumaku au springi, huja kwa jozi zinazofutana, kwa hiyo haziwezi kukigusa kitovu. Chochote kinachokipinda kimetoka nje.

Kuna video moja ambamo vigari vilivyonasa vilifika mwisho wa reli na kugonga kizuizi cha mpira. Hapo mstari wa kitovu unavunjika vibaya sana. Sikuifuta, itakuwa mfano mzuri wa kinyume chake.

Jumamosi: sumaku

Plastisini imetolewa. Kila kigari sasa kina sumaku mbele, zikiwa zimetazamana kwa ncha zinazofukuzana, kwa hiyo vigari havigusani kabisa. A inakaribia, inasitasita, inarudi nyuma, B inaondoka. Ukiitazama kwa macho, A inaonekana kama imebadilisha nia.

Karibu na mgongano: A inaingia na 0.60, inatoka na −0.18. B inatoka na 0.39. Kasi ya kukaribiana ilikuwa 0.60, kasi ya kuachana ni 0.57, uwiano 0.95. Mgongano nyumbufu kamili, usiopoteza nishati yoyote ya mwendo, ungetoa −0.20 na 0.40. Momenta: 0.25 mara −0.18 ni −0.045, 0.50 mara 0.39 ni 0.195, jumla 0.150. Sawa kabisa na ya kuingilia.

Alama ile ya kutoa inabeba mzigo wote. Iondoe, na jumla ya "tungamo mara mwendo" inaruka kutoka 0.15 hadi 0.24. Mwanafalsafa Descartes alijenga juu ya kiasi hicho kisicho na mwelekeo katika kitabu chake cha 1644, na mojawapo ya kanuni zake ilisema kwamba mwili mdogo ukiugonga mkubwa uliotulia, mdogo utarudi na mwendo wake uleule na mkubwa hautatikisika. Video yetu ya sekunde tatu inatosha kuikataa: B, mara mbili ya A, imeondoka na zaidi ya nusu ya kasi ya A. Mwaka 1668 Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, iliwaomba wanahisabati wailetee kanuni za migongano; Wallis, Wren na Huygens walijibu, Wallis akishughulikia miili inayonasa, hao wengine wawili miili inayoruka. Mwelekeo ukaingia kwenye hesabu, na mambo yakakaa sawa.

Huygens ndiye anayenivutia. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliye ndani ya mashua inayokwenda, ameshika mipira miwili kwenye nyuzi na kuigonganisha, huku mwingine akiwa ukingoni anatazama. Wanaona mgongano mmoja, lakini kila mmoja anapima kasi zake. Sheria lazima iwatoshe wote wawili. Kitabu chake cha migongano kilichapishwa 1703, akiwa tayari amefariki.

Mashua hiyo tumeitengeneza kwa programu. Kila fremu imesogezwa kwa kiasi ambacho kitovu kimesogea, kisha kingo zimekatwa, ili kitovu kibaki katikati ya picha muda wote. Matokeo yake yananifurahisha kila nikiyatazama: reli inateleza kwenda kushoto, na juu yake A inakuja kutoka kushoto na 0.40, B inakuja kutoka kulia na 0.20, zinakutana katikati, zinarudi zilikotoka na 0.38 na 0.19. Hakuna aliyesimama na hakuna mwenye nguvu zaidi. Kila kimoja kimerudi na kasi yake ikiwa imezidishwa kwa 0.95. Kwenye mtazamo huu fomula ndefu za mgongano nyumbufu, zile zenye tofauti ya tungamo juu na jumla yake chini, zinakuwa "geuza alama" tu. Nadhani wanafunzi wengi wangeziona fomula hizo kwa jicho jingine kama wangeanzia hapa. Binafsi ningeanza na video hii, fomula zije baadaye.

Video ya kunasa nayo tumeisogeza vivyo hivyo. A na B zinakuja, zinakutana, zinasimama kabisa. Na nishati iko wazi. Kwa anayetazama kutoka mezani, nishati ya mwendo ilikuwa juli 0.045 ikabaki 0.015. Kwa anayetazama kutoka kwenye kitovu, ilikuwa juli 0.030 ikabaki sifuri. Iliyopotea ni 0.030 kwa wote wawili. Hiyo 0.015 iliyobaki ni ya mwendo wa kitovu, na mgongano hauna namna ya kuifikia, hata plastisini ingekuwa laini kiasi gani.

Jambo dogo la msuguano kabla sijafunga: kwenye mgongano wa sumaku mstari wa kitovu unapinda kwa kiasi kilekile kabla na baada, ile 0.007. Mwanzoni nilitarajia iongezeke kama ya jana. Lakini A sasa inarudi nyuma, kwa hiyo msuguano wake unasukuma mbele na kufuta nusu ya msuguano wa B. Kinachobaki ni theluthi ileile.

Jumatatu: springi, na habari ya muda

Vigari vimesimama, springi imebanwa kati yao na kufungwa kwa uzi. Uzi unachomwa. A inakwenda kushoto na karibu 0.40, B kulia na karibu 0.20. Kitovu kimebaki palepale, isipokuwa milimita 3 au 4 za kuelekea upande wa A katika sekunde ya kwanza, na hizo ni msuguano mkubwa wa B ukishinda mdogo wa A. Ichezeshe video hii kinyumenyume na unapata mgongano wa kunasa wa Ijumaa kama unavyoonekana kutoka kwenye kitovu. Springi ilikuwa na zile juli 0.030.

Muda: plastisini inamaliza kazi yake ndani ya fremu moja au mbili, tuseme sekunde 0.01. Sumaku zinachukua kama sekunde 0.15. Msukumo (kani mara muda) wa plastisini juu ya A ni nyutoni-sekunde 0.10, wa sumaku ni karibu mara mbili, lakini kani ya wastani ya plastisini ni nyutoni 10 na ya sumaku ni nyutoni 1.3. Msuguano wa vigari vyote viwili kwa pamoja ni nyutoni 0.015. Ndiyo maana tunaruhusiwa kuusahau msuguano wakati wa mgongano, halafu tunalazimika kuukumbuka sekunde moja baadaye.

Jumatano: vipimo viwili

Visahani kwenye meza ya hewa, inayopuliza hewa chini yao, vya uzito sawa, kimoja kimesimama, cha pili kinakigonga pembeni. Nadharia ya mgongano nyumbufu inadai pembe ya nyuzi 90 kati ya njia mbili za kuondokea. Tumepata nyuzi 84, na kwenye migongano ya kuchubuana tu inakaribia 90 zaidi. Plastiki hainyumbuki kikamilifu: ikipotea sehemu ya kasi kwenye mstari unaounganisha vitovu vya visahani, pembe lazima iwe chini ya 90. Newton alipima jambo hili kwa mipira iliyoning'inizwa, akaripoti kwenye kitabu chake Principia cha 1687 kwamba mipira ya sufu iliyokazwa inaachana kwa 5/9 ya kasi ya kukaribiana, na ya kioo kwa 15/16. Sumaku zetu zinakizidi kioo kidogo. Kitovu cha visahani kinakwenda kwenye mstari mnyoofu kabisa, kwa kuwa hewa imeondoa karibu msuguano wote. Video hii ndiyo safi kuliko zote na ndiyo isiyo na mengi ya kusema.

Fimbo: mbao yenye kipande cha chuma upande mmoja, kitaa chekundu mahali inapojipima juu ya kidole bila kuanguka, kitaa cheupe kwenye ncha. Inarushwa gizani ikizunguka. Kitaa cheupe kinachora vitanzi. Chekundu kinachora parabola, na mchapuko wake umetoka 9.8. Rekodi inahitaji kurudiwa kwa sababu mwanga wa dirishani umeingia kwenye nusu ya fremu.

Alhamisi: ubao

Ubao wa gramu 600 kwenye magurudumu manne, kigari cha betri cha gramu 200 juu yake, na kibao kidogo cha kukizuia kisianguke mbele. Kigari kinasafiri sentimita 60 kwa kipimo cha ubao. Bila msuguano wa nje, ubao ungerudi nyuma sentimita 15 na kigari kingesogea mbele sentimita 45 kwa kipimo cha meza, kisha kila kitu kingesimama palepale kigari kinapogonga kizuizi.

Haikuwa hivyo, na ilivyokuwa ni bora zaidi. Ubao ulirudi nyuma kama sentimita 13. Kigari kikagonga kizuizi. Na hapo, badala ya kusimama, ubao na kigari chake vikaanza kujikokota pamoja kwenda mbele, taratibu sana, sentimita mbili hivi, kisha vikasimama. Mwenzangu alidhani ni mtetemo wa meza, tukarudia tukiwa tumeketi mbali nayo. Inatokea kila mara.

Mstari wa kitovu ulieleza yote. Wakati ubao unarudi nyuma, magurudumu yake yanasuguana na meza, na msuguano huo unaelekea mbele. Ni kani ya nje. Kwa sekunde moja na nusu ya safari ya kigari, kitovu kinachapuka mbele kwa karibu 0.02, kinasogea sentimita mbili na kitu, na kufikia kasi ya mita 0.03 kwa sekunde. Kigari kinapogonga kizuizi kani za kugongana ni za ndani, kitovu hakijali, kinaendelea na 0.03 yake, na kwa kuwa sasa hakuna kinachosogea juu ya kingine, ubao wenyewe lazima uende nayo. Kisha msuguano unageuka, unaelekea nyuma, na kuvisimamisha kwa umbali uleule.

Grafu ya kitovu ni herufi S iliyolala, laini, bila kona hata pale pa kizuizi, ingawa mlio wa kugonga unasikika wazi kwenye video. Hii itakuwa video ya mwisho ya seti, na swali lake litakuwa moja tu: kwa nini ubao unabadili mwelekeo? Asiyeweza kulijibu bado anachanganya kani za ndani na za nje, hata kama fomula ya mashua anaijua kwa moyo.

Ijumaa: kuandaa maswali

Jedwali za data zimesafishwa. Nimeongeza kwa makusudi jedwali moja ambalo tungamo la B limeandikwa bila uzito wa sumaku zake. Mstari wa kitovu unaotokana nalo unapiga kona ndogo pale pa mgongano, na kona hiyo si ya kani ya nje, maana inatokea kwenye fremu ileile ya mgongano na inageuka upande A ikitokea upande wa pili. Kazi ya mwanafunzi ni kubadilisha tungamo la B kidogokidogo mpaka kona iishe. Akifika hapo amepima uwiano wa tungamo mbili bila mizani.

Kwa atakayetaka kuona ukaguzi huo ukifanya kazi mahali ambapo mizani haiwezekani, kutakuwa na ukurasa wa ziada wa Chadwick, mwanafizikia aliyegundua nyutroni. Mwaka 1932 alikuwa na mionzi isiyo na chaji inayotoka kwenye beriliamu, ambayo hakuweza kuiona wala kuipima kasi yake. Aliweza kupima vilivyogongwa tu: viini vya haidrojeni viliruka kwa hadi mita milioni 33 kwa sekunde, vya naitrojeni kwa hadi milioni 4.7. Kwa mgongano nyumbufu wa ana kwa ana, uwiano wa kasi hizo mbili ni (m + 14) gawanya kwa (m + 1), ambapo m ni tungamo la chembe ya mionzi kwa kipimo ambacho haidrojeni ni 1 na naitrojeni ni 14, na kasi ya chembe yenyewe isiyojulikana inafutika. 33 kwa 4.7 ni 7.02. Kokotoa na m inatoka 1.16, Chadwick aliandika 1.15, na akaeleza kwamba kasi za naitrojeni zilikuwa na wasiwasi wa kama asilimia 10. Thamani ya leo ya nyutroni ni 1.009. Swali nililoliweka chini ya jedwali: kasi ya naitrojeni ingepaswa kuwa ngapi ili m itoke 1.009 kamili, na je, badiliko hilo limo ndani ya ile asilimia 10?

Yaliyobaki: kurudia fimbo usiku, kubandika alama mpya kwenye visahani kwa sababu za sasa zinang'aa chini ya taa, na kuamua kama video ya kizuizi cha mpira ikae kabla au baada ya video ya kunasa. Mimi naona iwe baada. Mwenzangu anataka iwe ya kwanza kabisa, mwanafunzi aione kona kabla hajaona mstari usio na kona.